Mama Mkwe Anaamini Yeye Ndiye Aliyemuua Mwanawe

Admin, tafadhali jina langu lisionekane hata herufi moja, maana mke wangu anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Awendo, na ni mzee wa kanisa. Watu hunisalimia kwa mikono miwili. Wangejua ninayoandika hapa wangenitemea mate, na singewalaumu, kwa sababu siku hizi hata mimi najitia kichefuchefu.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha ngozi upande wa Homa Bay. Kilishafungwa, sina haja ya kukitaja. Kilitumia dawa kali ya kutoa manyoya, na maji yake yote, pamoja na manyoya yenyewe na mafuta yaliyooza, yalimwagwa mtoni. Mto ulikuwa na povu la kijivu juu, na harufu yake ilikufuata mpaka kwenye sahani ya ugali. Kijiji kilichokuwa chini ya kiwanda kilikunywa maji hayo hayo. Watoto walitokwa na vidonda, wakaharisha, wengine wakafa. Wanakijiji wakatafuta wakili, wakatushtaki.

Wiki chache kabla ya kesi kusikizwa, meneja akaniita. "Yale mapipa ya bluu yaliyokuja na sabuni, peleka yote kwa hao watu, wape bure," akasema. "Lakini uwaambie mbele ya mashahidi kwamba si ya maji ya kunywa. Ni ya taka na saruji." Nilicheka. Nani huku kwetu atapewa pipa zima lenye kifuniko alitilie takataka? Meneja naye alicheka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ndicho alichotaka, lawama iwe yao.

Niliyapeleka mwenyewe. Nikatoa onyo langu, wamama wakaitikia "sawa, sawa", na jioni hiyo hiyo wakayajaza maji yale yale ya mto.

Mahakamani, wakili wa kiwanda alileta pipa la bluu lenye alama ya fuvu, pipa la dawa. Akaniuliza kama ndiyo mapipa niliyowagawia. Nilikuwa nimeshika Biblia. Nikasema, "Ndiyo, mheshimiwa. Na niliwaonya." Ilikuwa uongo. Yale niliyogawa hayakuwahi kutiwa kitu chochote isipokuwa sabuni, na niliyasuuza mimi. Kesi ikatupwa, na waliokufa kabla ya mapipa hakuna aliyewataja. Ikasemekana watu wamejiua wenyewe kwa ukaidi. Mimi nikapandishwa cheo.

Sasa sikieni uchafu wenyewe. Miaka miwili baadaye nilioa msichana wa kijiji hicho. Mama yake alikuwa mmoja wa walioshtaki, na mwanawe wa mwisho, Ochieng', alikuwa mgonjwa tangu kabla ya mapipa, akafa siku chache baada ya mapipa kufika. Nilidhani angenifukuza. Badala yake aliwaambia watu wake, "Huyu kijana alitukanya, tukakataa kusikia. Mtu anayesema kweli mbele ya jaji hawezi kumtesa binti yangu." Nilipewa mke kwa sababu ya uongo wangu. Nikienda ukweni nilikuwa nakunywa soda tu, kwa sababu nilijua kilichomo kwenye yale maji. Mama aliwasifia majirani kwamba mkwe wake ana adabu, hasumbui watu kwa maji yao. Nilisikia sifa hizo, nikaendelea kula kuku wake.

Mwezi uliopita watoto wangu walikuwa wanaangalia filamu sebuleni, ya wakili anayepambana na kampuni kubwa iliyotia sumu kwenye maji ya watu. Nilikaa nao. Ikafika mahali mfanyakazi wa kampuni anadanganya mahakamani, na binti yangu, ambaye anasomea sheria, akasema, "Mimi heri hata kampuni. Huyu witness ndiye mchafu kabisa, daddy, ama unaonaje?" Nikasema ndiyo.

Wiki iliyofuata tulienda kumwona mama mkwe, ambaye ini lake limeharibika na daktari ametuambia tumpeleke nyumbani. Binti yangu, akiwa bado na hiyo filamu kichwani, akamuuliza kuhusu kesi yao ya zamani. Kwa desturi yetu mama mkwe haketi karibu na mkwe wala kumtazama usoni, kwa hiyo alijibu akiwa amegeukia mlango.

"Jaji alihukumu sawa," alisema. "Baba yako aliniambia nisiweke maji, nikaweka. Ochieng' nilimnywesha mimi, kwa kikombe, kutoka pipa hilo. Nilimuua kwa mkono wangu." Halafu akaniita kwa jina la heshima analoniita siku zote. "Jaduong', wewe ni mzee wa kanisa. Niombee Mungu anisamehe kabla sijaenda."

Nikaomba. Nilifumba macho nikamwomba Mungu amsamehe mama huyu kwa kumuua mtoto wake, na mke wangu akalia, na wote wakasema amina.

Tangu siku hiyo mikono yangu naiona michafu, nanawa mpaka ngozi inauma. Nikisema ukweli, nitampoteza mke, binti yangu hataniita baba, na kanisani sitaingia tena. Nikinyamaza, mwanamke huyu atazikwa akiamini alimuua mwanawe kwa pipa ambalo lilikuwa safi. Wengine mtasema nimechelewa mno, wengine mtanitukana, na matusi nayapokea, lakini pamoja na matusi nipeni shauri. Sabato hii amesema nirudi, kwa sababu anahisi Mungu bado hajamsamehe. Nikifika pale mlangoni, nimwambie nini?