Shamba Lililopanuliwa kwa Vidole Viwili

Juzi kwenye kituo cha majani chai karibu na Keumbu, afisa wa kilimo, binti mmoja, alituletea tableti yenye ramani ya mashamba yetu yote. Lililozaa vizuri ni la kijani, lililozembea ni la manjano.

"Ukitaka kuona lako vizuri, gusa, halafu tanua vidole hivi," alisema binti huyo.

Mzee mmoja akafuta vidole kwenye koti, akatanua. Shamba lake likajaa skrini nzima.

Jirani yake, mama mwenye kikapu mgongoni, akaruka. "Na shamba yangu imeenda wapi?"

"Iko, mama. Imetoka tu nje ya skrini."

"Imetoka! Huyu amesukuma mpaka na jembe miaka yote, leo mnampatia mashine?"

Mzee akatanua tena, polepole, akitabasamu.

Afisa akaapa kwamba picha haisogezi udongo. Mama akatuita sote tuwe mashahidi, akasimama pale mpaka binti alipobana vidole na shamba lake likarudi. Akainama, akaupima mpaka kwa ukucha.

"Bado. Rudisha kidogo upande wake."

Nilicheka hadi machozi. Watu wazima, tena wa kanisa, wanagombania shamba lililo ndani ya kioo!

Kisha zamu yangu ikafika. Nikageuka kuangalia kama jirani yangu yupo. Hakuwepo.

Nikatanua.