Barua za Mama Zilizofungia Senene

Nilikuwa nimebakiza senene kama watatu hivi ndipo nikauona mwandiko wa mama kwenye karatasi chini yao, umelowa mafuta. Nikawamalizia hao watatu. Ninayasema haya kwa sababu dada yangu ameapa kwamba nisipoyasema, atayasema yeye.

Mama alikuwa mwandishi wa barua wa upande wetu wa Izigo. Wanawake ambao waume zao walikwenda visiwa vya ziwani kuvua wakapasahau nyumbani walikuja jikoni kwake, wakasema kwa Kihaya, naye akaandika kwa Kiswahili. Kila barua aliianzia kwenye daftari, akamsomea mwenyewe, akasahihishwa, ndipo akainakili safi. Barua zilikwenda visiwani, maneno yakabaki kwetu: madaftari matatu ndani ya sanduku la bati.

Mwaka jana mhifadhi nyaraka wa maktaba ya chuo kikuu mjini Bukoba alikuja kanisani, akatuomba baada ya misa tusichome karatasi za wazee, hata daftari la jikoni. Nikamwahidi madaftari ya mama, kwa sauti ya kusikiwa na wote. Kisha nikarudi nyumbani nikakaa. Izigo na Bukoba si mbali; ila kutoka kwenye kiti changu hadi mlangoni ndiko kuna safari.

Ukaja msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa. Dada akakaanga, akawafungia majirani, na mimi akanipa fungu langu. Nilipoujua ule mwandiko nilimwita mharibifu, nikamuuliza shuleni alifundishwa nini. Alisubiri nimalize.

“Waitu kaka,” akasema kwa heshima ya Kihaya, “nilikuomba karatasi nikiwa nimesimama hapo mlangoni. Ulikuwa unatazama mpira. Ukasema nichukue sandukuni, ni makaratasi tu.”

Na mpira wenyewe tulifungwa.

Hasira haikupoa, ilikosa pa kwenda, ikanirudia. Tukapita nyumba kwa nyumba tukidai karatasi za zawadi tuliyotoa wenyewe, aibu ambayo kwetu inazidi hata ya wizi. Zote tukazipata, zinanuka vitunguu, isipokuwa moja. Bibi jirani alikuwa ameiwashia moto. Dada alipopanga kurasa kwa kufuata orodha ya mama nyuma ya daftari, akakuta iliyokosekana ni barua ya bibi huyohuyo kwa mumewe, aliyefia visiwani bila kurudi. Hatukumwambia.

Bukoba nilikwenda siku iliyofuata. Mhifadhi akazitandaza kurasa mezani, akaweka karatasi kavu katikati yake, bila kunigombeza. Nilitaka anigombeze. Akanipa fomu iliyouliza nani alizitunza, na kwa namna gani. Njia nzima nilikuwa nimeshamwandika dada kichwani kuwa ndiye mkosaji. Nikaandika: mimi, nilizifungia senene, na moja imeungua.

Akasoma, akainua macho. “Mwenye hiyo iliyoungua yupo hai?”

“Yupo. Jirani yangu.”

“Basi hapa unafanya nini?”

Nilirudi Izigo nikimtukana yeye, senene, mpira, na kile kiti changu. Bibi alikuwa jikoni. Nikamweleza yote, nimesimama. Aliyatazama mafiga.

“Mama yako aliitunza miaka yote hiyo,” akasema, “wewe ukanipa niichome kwa mkono wangu.”

Akanisukumia kigoda kwa mguu.

“Kaa, niiseme tena uandike. Na ukimaliza unisomee, kama alivyokuwa akifanya mama yako.”