Nyaya Mia na Ishirini za Mama Shaba

Siku hizi kila mtu ana redio ndani ya simu, na hakuna anayejali sauti inatoka wapi. Mimi nilisoma barua za salamu katika redio ya mji wetu kwa miaka ishirini na sita, na nilimjua Mama Shaba.

Alikuwa fundi wa mtambo. Ushirika wa wakulima ulipoijenga redio ile ya masafa ya kati, yeye, msichana bado, ndiye aliyefukia nyaya za shaba mia na ishirini kuuzunguka mnara, zikatawanyika kama spoku za baiskeli ili sauti ifike mbali. Ushirika ulipokufa, redio ikanunuliwa na mwalimu mstaafu aliyependa kujisikia akihutubia. Naye akamuuzia Tajiri, muuza mabati.

Tajiri hakuona kwa nini kiwanja kizima kikae bure. Akaleta trekta kilimwe, apande vitunguu. Jioni ile sauti yetu ikawa inaishia darajani.

Mama Shaba akampelekea kipande cha waya kilichopinda.

"Bosi, hii uliyong'oa ni nusu ya redio."

"Na nusu nyingine?"

"Ni ile iliyosimama, uliyoiacha kwa kuwa ni ndefu."

Tajiri hakucheka. Ijumaa mkaguzi wa masafa angekuja, na redio isiposikika mpakani mwa wilaya, leseni imekwenda.

"Ramani ya nyaya iko wapi?"

"Ililiwa na mchwa enzi za mwalimu. Wewe lete shaba tu."

Jumatatu asubuhi nilimfuata kiwanjani. Akaegemeza mgongo mnarani, akanyoosha mkono. Wakati ule wa kufukia, kila waya aliulenga kwenye kitu.

"Huu unaelekea ghala la pamba."

Ghala lilibomolewa zamani. Pale pana kituo cha mafuta. Akatembea moja kwa moja hadi trekta ilipoishia, akapiga jembe mara mbili, akainua ncha ya waya, kijani kwa kutu. Akaiunga na shaba mpya, akarudi mnarani.

"Huu, dirisha la posta."

Posta haipo. Waya ulikuwapo.

Siku nne nilimbebea shaba nikiwa mdomo wazi. Nilidhani nimebaki peke yangu kuukumbuka mji ule, nikajisifu kwa hilo. Kumbe mwenzangu anao wote kichwani, mlango kwa mlango, na jembe lake halikukosa hata mara moja.

Alhamisi alasiri, kwenye waya wa mwisho, akasimama.

"Kaka, huku kulikuwa na nini?"

"Mia na kumi na tisa hazitoshi?"

"Zinatosha. Lakini sikufukia mia na kumi na tisa."

Nikatazama mkono wake ulikoelekea.

"Meza ya muuza vitabu vikuukuu. Ndipo nilipojifunzia kusoma, nikijifanya nachagua."

"Ndiyo. Alikuwa akikufukuza kwa kofia."

Akapiga jembe. Waya huo.

Ijumaa nilikuwa katikati ya barua simu ilipolia. Mkaguzi, kutoka mpakani.

"Mzee, nakusikia kama umekaa kiti cha nyuma cha gari langu. Punguza kukohoa."

Leseni ikabaki, na Mama Shaba akabaki na mtambo wake mpaka alipofariki. Watoto wa Tajiri waliuza kila kitu. Mnara ukapimwa kama chuma chakavu. Habari ya shaba iliyo ardhini hawakuijua, nami sikuwaambia.