Kalunde na Miezi ya Mshtarii

Kalunde, jirani yangu wa Ipuli, alikuwa mfinyanzi wa vyungu, mjane asiye na mtu. Mwaka 1934 alitaka jambo moja tu: abatizwe Pasaka, ili akifa azikwe kando ya binti yake Benedikta kwenye makaburi ya misheni.

Mwalimu wake wa dini, Raymundi, alikuwa Mgogo. Jioni moja ya Kwaresima, mvua ilipopisha, alitoa darubini ya padri akawaonyesha wanafunzi Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Akawasimulia pia habari za Zohali na pete zake. Zamu ya Kalunde ilipofika, Raymundi alimwambia vile vitone vya ubavuni ni miezi.

"Hapa unaona ina miezi minne," alisema.

Kalunde hakuondoa jicho kwenye kioo. "Ndiyo maana imenenepa. Nani kaitia mimba, ninyi Wagogo?"

Darasa zima likacheka. Mtu wa zamani angejibu vikali zaidi, yakaisha, maana Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu babu zetu wapite Ugogo na pembe mabegani wakienda pwani. Raymundi, msomi, alisema amedhihakiwa yeye na kazi ya Mungu. Kalunde hatabatizwa mpaka aombe radhi mbele ya wote.

Tulimsihi aombe. Alikataa. Kumwomba mtani radhi, alisema, ni kumwambia kuanzia leo wewe si wangu.

Wiki ya Matawi mama yake Raymundi, Sikuzani, alikuja kwa gari moshi. Kalunde alimwendea stesheni, akamvua kanga ya mabegani, akasema Wagogo hawana haya, wanasafiri na nguo za kuazima.

"Chukua, mpagazi wee," Sikuzani akajibu. "Mnyamwezi asipobeba cha mtu, mgongo humuwasha."

Walicheka hadi wakakaa chini. Kisha Kalunde akamweleza yaliyompata.

Sikuzani hakugombana na mwanawe. Alimwuliza tu, akifia huku ugenini, nani atamchimbia kaburi kama si watani. Pasaka Kalunde alibatizwa, akaitwa Koleta, bila kuomba radhi.

Lakini Raymundi hakumtania hata mara moja. Kila walipokutana alimpa shikamoo akapita, na watu wakamsifu kwa adabu. Koleta aliitikia marahaba, akanigeukia.

"Huyu kijana," aliniambia, "kanizika kabla sijafa."