Kabureta ya Hewa ya Pwani

Niliingia Johannesburg kutoka Tanga na begi moja na diploma ya ufundi mitambo niliyoifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Kufikia mwaka 2016 nilikuwa msimamizi wa karakana ya malori Midrand, na nimepanga nyumba nzima Yeoville, yenye gereji, wakati wengi niliokuja nao walikuwa bado Berea wanagawana chumba kwa pazia. Hakuna aliyenibeba. Nayasema haya mapema kwa sababu ninayotaka kuyaeleza hayanipambi, na sipendi mtu adhani hayo ndiyo yote niliyoyafanya kule.

Katika gereji hiyo niliweka gari. Lilikuwa la miaka ya sabini, milango miwili, boneti ndefu kama meza ya kulia, injini ya silinda nane. Nililitoa kwenye ua wa mjane mmoja wa Kizungu, kuku wakiwa wanatagia kiti cha nyuma. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukikaa kwa dereva unaona nyasi. Wenzangu wa kazini walicheka. Mimi nilijua ninachokiona.

Injini niliiweza. Bodi ilinishinda, ndipo nikamfuata mzee mmoja wa Kikongo, mtu wa Likasi, aliyekuwa akinyoosha bodi za magari pembeni mwa barabara, nyumba tano kutoka kwangu. Mali yake ilikuwa nyundo saba na mfuko wa ngozi uliojaa mchanga. Aligonga bati, akainamisha sikio, akagonga tena, kama mtu anayenunua tikiti maji. Injini alikuwa hazigusi. Alisema feni ya injini ilimkata kaka yake vidole mbele ya macho yake, na tangu siku hiyo mkono wake uligusa bati tu.

Nilipomuuliza bei, alizunguka gari mara mbili.

"Injenia," akasema mwishowe, "sitaki falanga yako. Niko na binti moja tu. Siku yake ya kuolewa, hii motokari ndiyo itamupeleka kanisani. Watu waone kazi ya baba yake."

Nikasema sawa. Niliona nimepata cha bure.

Alikuja kila Jumamosi kwa karibu miaka miwili. Sakafu aliitengeneza kwa bati la mashine za kufulia zilizotupwa. Tako la nyuma la kushoto, yaani bati la juu ya gurudumu, ambalo mimi nilishauri tulijaze pati na kupaka rangi, alilikata lote akaligonga jipya juu ya mfuko wake wa mchanga. Ukipitisha kiganja husikii pa kuungia. Nami sikuwahi kumwambia hivyo. Nilimwita Mzee, nikamtania kwa yale yanayouma.

"Mzee, hiyo nyundo ulisomea chuo gani?"

"Chuo cha njaa, Injenia. Mitihani kila siku."

"Na cheti?"

"Iko mbele yako, iko na magurudumu."

Siku moja akanizidi kwa jibu kama hilo mbele ya wageni, nami nikamwambia, "Angalau mimi sina cha kupanga foleni alfajiri kuomba karatasi ya kuishi hapa kila miezi sita." Wageni wakacheka. Yeye akachukua nyundo yake, akarudi kwenye bati. Sisi watu wa pwani tunaita hayo utani. Kwao Likasi sijui wanayaitaje, sikumuuliza.

Rangi ilipokauka, nyekundu iliyoiva, waumini wa kanisa lake walikuja kulitazama gari. Kina mama walishangilia. Wanaume walipitisha viganja kwenye lile tako la nyuma wakawa wanasema, "Papa, Mungu alikupa mikono." Hakuna aliyeomba nifungue boneti. Nilisimama kwenye gereji yangu mwenyewe nikiwa kama mlinzi wa gari la mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipoamua kuwa gari hili watalisikia kabla hawajaliona.

Niliibadili injini. Niliweka kamshafti kali zaidi. Nilikata ekzosi, nikazitoa ubavuni chini ya milango, mbili kila upande, zikikohoa hujui kama ni gari au bunduki. Kisha nikafungua kabureta. Ndani yake mlikuwa na jeti, vile vipande vidogo vya shaba vyenye tundu, vinavyopima petroli. Kitabu changu cha chuo, nilichokibeba kutoka Tanga, kilisema injini ya namna ile inataka jeti kubwa kuliko zile. Nikang'oa za zamani, nikazitupa chini, nikafunga kubwa.

Mzee alikuwa akisugua kioo. Aliinama akaziokota, akazitia kwenye kopo lake la ugoro.

Gari liliwaka kwa mngurumo uliotikisa madirisha ya jirani. Moshi mweusi ulitoka, na harufu ya petroli mbichi ikajaa gereji. Mzee akainamisha sikio.

"Inakunywa sana, Injenia."

"Ni nguvu hiyo."

"Hapana. Inakunywa lakini haipumue. Huku tuko juu, hewa ni kidogo. Kwetu malori yakipanda kutoka chini, madereva wanapunguza petroli. Mimi sijui injini, lakini nasikia. Rudisha zile ndogo."

Alisema kweli. Johannesburg iko juu sana, mimi nimekulia usawa wa bahari, na kitabu changu kilikuwa kimepimwa kwa hewa nzito ya bahari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepaswa kulijua hilo. Kazini nilizoea malori, ambayo yanajipimia hewa kwa kompyuta. Kwa mkono wangu mwenyewe sikuwahi kufikiria. Lakini nilikuwa nimeshasikia "Mungu alikupa mikono" ya kutosha.

"Mzee," nikasema, "siku utakaponionyesha diploma, nitakusikiliza. Mpaka hapo, sugua kioo."

Akasugua kioo.

Harusi ilikuwa Jumamosi, mwaka 2018. Kanisa lilikuwa Berea, na njia ni fupi, lakini harusi za Wakongo haziendi mbio. Magari yanafuatana polepole, taa zinawaka-waka, honi zinapigwa, kina mama wanatoa vichwa madirishani wakiimba, na kila robot, kule ndivyo wanavyoita taa za barabarani, ni mahali pa kusimama na kuonekana. Bibi harusi alikaa nyuma, gauni limejaa kiti kizima. Baba yake alikaa mbele karibu nami, suti ya kahawia, mikono juu ya magoti. Binti alizaliwa Johannesburg. Kiswahili alikisikia kuliko kukisema. Alicheka njia nzima.

Mwendo ule wa kobe ndio uliotumaliza. Petroli ikazidi, plagi zikaanza kulowa. Kwenye robot ya tatu, palipo na mwinuko, injini ikakohoa ikazima. Nikawasha, haikushika. Moshi ukaingia ndani.

"Papa, I can't breathe," binti akasema.

Mzee akashuka, akakunja kiti chake ili binti apite. Binti akatoa mguu, kisha gauni. Nami wakati huo huo nikakanyaga mafuta hadi chini na kugeuza ufunguo, maana honi za nyuma zilikuwa zinanichoma. Gari likapiga mlipuko mmoja, pwaa, na ekzosi zangu za ubavuni zikatema masizi yote kwenye gauni jeupe, kuanzia gotini hadi chini.

 

Watu wakashuka wakatuzunguka. Shemasi mmoja akauliza, "Nini imefanyika?" Wote walinitazama mimi, mwenye gari, msomi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mzee huyu alichezea kabureta jana. Nilimkataza."

Mzee alikuwa amepiga goti, anapangusa gauni kwa leso, na kadiri alivyopangusa ndivyo masizi yalivyoenea. Hakuinuka. Alinitazama kwa muda mfupi tu.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Musameheni. Twende, mchungaji anangoja."

Binti akapanda taksi iliyokuwa nyuma, katikati ya kina mama. Mzee akapanda naye. Nilibaki na gari langu jekundu, watu wakilipita kana kwamba ni gari lililoharibika njiani kama mengine.

Jumatatu alikuja kuchukua nyundo zake. Alipoondoka niliona kopo la ugoro juu ya meza ya kazi. Ndani mlikuwa na jeti zangu ndogo, zimepanguswa mpaka zinang'aa. Nilizifunga kwa dakika ishirini. Gari likawaka likaimba, bila moshi, bila kikohozi. Nililipitisha mbele ya mahali pake pa kazi, nikavuta mafuta kwa makusudi. Aliinamisha sikio kulisikiliza gari, akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kugonga. Mimi hakunitazama.

Kwa wiki kadhaa nilitembea Yeoville kwa raha. Niliamini uongo wangu umepita. Kisha nikakutana na binti kwenye spaza, duka dogo la mtaani, anasubiri mkate. Nilimsalimia kama mkubwa anavyomsalimia mtoto wa rafiki.

"Uncle," akasema, akitafuta maneno, "papa yangu anaogopa engine. Hata boneti hafungui. Kila mutu ya kanisa anajua."

"Sasa kwa nini hawakusema?"

"Papa alisema ni yeye. Nani atamwambia papa yangu ni muongo, siku ya harusi yangu?"

Akachukua mkate wake. "Sharp, uncle," akasema, kuaga kwa vijana wa kule, na akaenda.

Kwa hiyo pale kwenye robot palikuwa na watu zaidi ya arobaini, na wote walinijua nilivyo, na wote walinisitiri kwa heshima ya mtu asiye na cheti. Mjinga wa pekee pale alikuwa mwenye diploma. Nilihamia Midrand kabla ya mwezi kwisha, na mwaka 2019 nikarudi nyumbani.

Leo nina karakana Tanga, mafundi wanane chini yangu, diploma imetundikwa ukutani kwenye fremu. Zile jeti kubwa ninazo kwenye droo. Kwa hewa ya hapa zingefaa sawasawa na kitabu kinavyosema. Gari la kuziweka sina. Nililiacha kule, na lile tako la nyuma halina pa kuungia hadi leo, najua. Mteja akiniuliza kama nimewahi kutengeneza gari lote mwenyewe, kwa mikono yangu, namjibu ndiyo.