Shemeji Alinipokelea Simu ya Profesa, Sasa Simu ya Binti Yake Inakuja Kwangu

Admin, nifiche vizuri, maana huku kwetu Bariadi mtu akisoma mistari miwili tu atasema huyo ni fulani. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwalimu, nina mume na watoto wakubwa. Nina hasira ya zamani ambayo wiki hii imeamka, na kila mtu nyumbani ananiambia sina haki nayo.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wanaingia na magari yao, na simu, tuliyozoea kuiona posta tu, ikawa biashara ya mtu. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, akafungua kibanda cha simu mjini. Ukipigiwa kutoka mbali anapokea yeye, kisha anatuma mtu akuite. Kwa hiyo habari za mji alizijua kabla ya wenyewe.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nikaomba shahada ya pili nje, mambo ya udongo. Nikakubaliwa. Wakaniandikia kwamba profesa atanipigia tuzungumze, ndipo aamue kama atanichukua kwenye mradi wake, ambao ndio ungenisomesha. Namba niliyokuwa nayo ni ya kibanda cha shemeji.

Nilijiandaa mwenyewe. Nilisikiliza Kiingereza redioni mpaka betri zikaisha. Nilijifunza kutosalimia, na kwa Msukuma hiyo ni kazi, kwa sababu salamu zetu peke yake zingemaliza simu kabla hatujafika kwenye udongo. Dada alishika mwiko sikioni akawa profesa. Kwa kuwa Kiingereza hakijui, kila nilichouliza alijibu "yes". Nikajua profesa mwema namna hiyo sitampata. Swali langu kubwa lilikuwa kama nitaruhusiwa kuchunguza udongo wetu wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi, au nitapelekwa kupima wa kwao.

Siku yenyewe nilikaa kibandani tangu asubuhi. Koo likakauka, nikavuka barabara kununua soda. Simu ikaita kabla ya muda.

Kwa wasiojua, kwetu shemeji ni mtani. Aliniita "mke mdogo" tangu nasoma shule ya msingi, nami nilimwita kibogoyo, na hakuna aliyeumia. Sasa kapokea simu, mzungu ananiulizia, na kibanda kimejaa watu wanaosubiri zamu. Kwa Kiingereza chake cha kibandani akamwambia huyo ni mke wake, ana mimba, haendi popote. Akakata. Nilirudi na soda mkononi nikakuta watu wanashika mbavu. Ni yeye mwenyewe aliyenisimulia, huku anajifuta machozi ya kicheko. Akasema profesa atapiga tena.

Hakupiga. Tulijaribu kumpigia, hakupatikana. Nikaandika barua kueleza. Jibu lilipofika lilikuwa la upole, na upole ule ndio ulioniua: anasikitika, ameshachukua mtu mwingine, nafasi ya chuo bado ipo kama nitajilipia. Nijilipie na nini, pamba ya baba?

Nikamtukana shemeji mbele ya watu. Hapo ndipo nikawa mkosaji. Baba mkubwa aliitisha kikao nyumbani Lalago, wakasema mtani hakasirikiwi, nikatozwa jogoo. Dada ndiye aliyempika. Shemeji akala, akanibakizia shingo. Neno "pole" halijatoka kinywani mwake mpaka leo.

Sasa binti yake, nimwite Kabula, amekubaliwa shahada ya pili nje. Maprofesa wawili watampigia ili achague wa kumsimamia. Kwao ni Zagayu, mtandao huko unakuja ukijisikia, kwa hiyo ametoa namba yangu, na amehamia kwangu nimwandae. Ninamwandaa. Namfundisha kwamba ukishakubaliwa simu ile si mtihani tena, hata wewe unamkagua yeye. Uliza anakutana na wanafunzi wake kila baada ya muda gani. Uliza waliomtangulia sasa wako wapi. Ukishauliza nyamaza, usimjazie jibu. Mtoto ana akili. Juzi katikati ya mazoezi akaniuliza, bila ubaya wowote:

"Mama mdogo, ni kweli ulikataa kwenda kusoma kwa sababu unaogopa ndege? Baba ndivyo anavyosimulia."

Nikamwambia turudie swali la pili.

Jumapili, Kabula akiwa kanisani, shemeji akaja na dada. Hakuniita mke mdogo. Alisalimia salamu zote, za ng'ombe, za mvua, za watoto, huku anazungusha kofia mikononi. Mwishowe akasema, "Shemeji, simu ya mtoto iko mkononi mwako. Nakuomba, hii siyo ya utani."

"Kumbe ipo isiyo ya utani?"

Dada akasema nisianze.

Nilimwambia arudi Lalago, mbele ya wale wale walionitoza jogoo, na Kabula akiwepo, aseme alichomwambia yule profesa na kwamba ule haukuwa utani. Akavaa kofia yake, akaondoka. Sasa dada ananipigia kila siku, eti nataka kumdhalilisha mtu mzima, mtoto ana kosa gani. Mume wangu anasema niyaache, yameshapita. Yamepita kwa nani?

Kabula hana kosa. Sitamharibia. Kinachonichoma ni kwamba shemeji naye anajua sitamharibia, kwa hiyo anakaa kimya anasubiri simu ipite.

Profesa wa kwanza anapiga Alhamisi. Nikinyamaza, simu ikishapita, shemeji hatakuja tena kwangu na kofia mikononi. Nikimweleza Kabula ukweli kabla, ataipokea simu yake na moyo uliovunjwa na baba yake. Ninyi ambao si wa ukoo wetu, nishaurini nifanye lipi. Ila msiniambie nisamehe. Kwa hilo nilishatoa jogoo.