Uji wa Saa Moja

Baba alimeza dawa zake zote kwa mkupuo mmoja. Mama alizipanga kwenye kisosi: tembe ya Parkinson, tembe ya presha, na tembe nyekundu ya kuongeza damu. Kisosi kilikaa juu ya meza pale Rangwe kando ya kikombe cha bati chenye uji, na saa moja ya asubuhi ilipofika, baba alizimimina kinywani, akasindikiza na uji mpaka kikombe kikaisha. Nilimwona akifanya hivyo kila Jumamosi na kila Jumapili kwa muda wa karibu mwaka mzima. Sikuwahi kuuliza swali.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa maswali. Chuoni nilisomea takwimu. Sasa nafundisha hisabati katika shule moja ya upili mjini Migori, kwa mkataba wa muhula kwa muhula. Nikiwa mwaka wa pili niliacha kushika Sabato, na mama alilia siku mbili. Bado nilikuwa nikifika nyumbani Ijumaa kabla ya jua kuzama, si kwa ajili ya Mungu, ila kwa sababu mama hakupenda kupika baada ya hapo na mimi nilikuwa na njaa.

Baba alipoanza kutetemeka, majirani walisema ni uzee. Daktari alisema ni Parkinson, akampa tembe za kumeza mara tatu kwa siku, na zilifanya kazi. Mkono wa kulia ulitulia. Alishika kijiko, akarudi shambani, akawa anafunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Kisha akapimwa damu, ikaonekana ni kidogo, nami nikamnunulia tembe nyekundu. Nikaona pia amekonda. Nikasoma kuhusu lishe, nikaagiza omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kwa mama mmoja wa Kisegi anayewakausha vizuri bila mchanga, nikachanganya na wimbi, soya na njugu, nikasaga. Kila mwezi nilileta mfuko mmoja wa unga huo. Uji wake ulikuwa mzito, una rangi ya udongo, na ulinukia ziwa. Baba hakuupenda, lakini aliunywa kwa kuwa ulitoka kwangu.

Mimi ndiye niliyemwambia mama kwamba dawa kali haimezwi tumbo likiwa tupu. Jambo hilo nililijua tangu utotoni, kama ninavyojua jina langu.

Miezi michache baadaye baba alianza kurudi nyuma. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alifika mlangoni akasimama, miguu imegoma, kana kwamba kizingiti kimeinuliwa mpaka gotini. Mama alimshika kiuno na kumhesabia kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, na kwenye adek, ile ya tatu, mguu ulitoka. Siku nyingine haukutoka.

Wakati huohuo baba mdogo, mdogo wake baba wa kumfuata, alikuja kutoka Masara. Huko anawauzia wachimba dhahabu unga, betri na kamba, na siku hizi pia vidonge vya virutubisho ambavyo mtu fulani alimshawishi avisambaze. Alimletea baba chupa moja ya kahawia yenye picha ya jani, na nilipofika nyumbani Ijumaa nilimkuta angalipo na baba ameshaanza kuvimeza. Baba mdogo akasema watu wa machimbo wanavimeza na wanashuka shimoni kama vijana.

Nikamuuliza ni wangapi. Nikamuuliza ambao hawakumeza walishukaje.

"Huyu ukimwambia kumekucha ataomba ushahidi," baba mdogo akamwambia baba, na wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilisoma karatasi ya chupa, mimea zaidi ya kumi imeorodheshwa, na chini yake ahadi ya kuimarisha neva. Nikamwambia baba mdogo, mbele ya baba, kwamba amemgeuza kaka yake kuwa mteja.

Mama alikuwa ameshaleta maji ya kunawa. Baba mdogo alinawa, akajifuta mikono polepole, akaaga. Chakula kikabaki mezani. Kwetu mtu wa damu akiondoka bila kula, hata kuku wa boma wanajua kuna jambo. Hakurudi tena. Niliibeba ile chupa mpaka Migori, nikaitia kwenye droo ya meza yangu shuleni pamoja na chaki. Kwa kuwa baba alikuwa amemeza vidonge hivyo siku nne tu, nilitarajia atapata nafuu upesi.

Hakupata. Nikafanya ninachojua. Nikachora jedwali. Nikaweka safu ya usingizi, safu ya kutembea, safu ya mtetemeko, safu ya hali ya hewa. Mama alinipigia simu kila jioni na mimi nikajaza. Sikuweka safu ya chakula.

Jioni moja baba alinieleza anachotaka. Kanisani kwao, kila robo ya mwaka, kabla ya Meza ya Bwana, waumini hutawadhana miguu. Wanaume hukaa upande wao na wanawake wao, wawili wawili, kwa beseni na taulo. Baba na mdogo wake walibatizwa siku moja katika kijito kimoja, na tangu hapo wametawadhana wao kwa wao, hata baba mdogo alipohamia Masara. Robo iliyopita baba aliwekwa kwenye kiti, shemasi mmoja akamwosha miguu, na yeye hakumwosha mtu.

"Nataka kupiga magoti na kuinuka," akasema. "Hayo tu. Kuoshwa bila kuosha ni kazi ya maiti."

Zilibaki wiki tatu kabla ya Meza ya Bwana. Nilimtazama akisema hayo na nikangoja nihisi kitu. Nilihisi uchovu wa mabega. Nikamwambia tutaenda Homa Bay kumwona daktari, nikarudi kusahihisha madaftari.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wangu au zaidi kidogo. Tuliambiwa kwenye simu tulete kila kitu baba anachomeza au alichowahi kumeza, kwa hiyo nilibeba mfuko. Chupa ya baba mdogo niliiweka mezani ya kwanza. Nakiri nilitaka kusikia ikihukumiwa.

Aliigeuza, akaisoma pande zote. "Hii sijui ndani mna nini," akasema. "Haisemi kiasi. Akae mbali nayo kwa sasa." Akaiweka kando na kuchukua tembe nyekundu. "Na hizi?"

Nikasema ni za damu, nilizinunua mimi.

"Anazimeza saa ngapi?"

Mama ndiye aliyejibu. Zote pamoja, saa moja, na uji, ili zisimchome tumbo.

"Uji wa nini, mama?"

Mama akajikalisha vizuri. Alieleza kwa fahari. Wimbi, soya, njugu, na omena. Binti yangu ndiye huchanganya. Omena anaagiza Kisegi, hawana mchanga kabisa.

Daktari aliweka kalamu chini. Hakuwa mkali. Alisema tembe ya Parkinson na chakula chenye protini nyingi hugombania mlango mmoja wa kuingilia mwilini, na kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye tembe nyekundu huing'ang'ania dawa humohumo tumboni, isifike inakotakiwa. Tembe ya Parkinson aimeze kwa maji, angalau nusu saa kabla ya kula. Ikimtia kichefuchefu, kipande cha mkate mkavu kinatosha. Tembe za damu asiziache, ila zikae mbali nayo kwa saa mbili au zaidi. Samaki, maharagwe na maziwa asinyimwe, maana anazidi kukonda, ila vingi vihamie chakula cha jioni. Akasema pia kwamba huenda si hilo peke yake, ugonjwa wenyewe nao husonga mbele, na tusiongeze wala kupunguza dawa bila kumwuliza. Tuanze hapo, turudi baada ya mwezi.

Baba alikuwa akitazama mkono wake gotini kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani akicheza.

"Kumbe ni omena," akasema tulipofika nje. Akacheka kidogo. Mama hakucheka. Aliniambia, "Nyathina, mwanangu, hukujua," na kunigusa mgongo, nami nikaona ni mgongo wa mtu mwingine. Niliwapandisha gari la Rangwe. Nikanunua maji, nikayanywa, nikapanda la Migori.

Jumapili nilienda Masara. Baba mdogo alikuwa kibandani, vumbi la mashine za kusaga mawe limemkaa kwenye nyusi. Hakuinuka. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Nikasema chupa yake sidhani ndiyo iliyomrudisha baba nyuma. Nikasema ni uji wangu, na tembe nilizonunua mimi.

"Kwa hivyo dawa yangu ni nzuri."

"Sikusema hivyo. Daktari hajui ina nini. Amesema asiitumie."

"Profesa," akasema, "hata msamaha unauomba kwa masharti?"

Nikasema ndiyo. Nikasema pia kwamba nilimtukana nyumbani kwa kaka yake, na hilo halina masharti.

Akamwambia mwanamke wa kibanda cha pili alete ugali na samaki. Nilinawa. Sikuwa na njaa, lakini nilikula mpaka kikabaki kichwa na miiba, na yeye alihesabu kila tonge bila kujificha. Kisha akauliza Sabato ya Meza ya Bwana ni lini, ingawa alijua.

Wiki mbili zilizofuata baba alimeza tembe yake saa moja kwa maji, akangoja, akanywa uji wa wimbi mtupu wenye ndimu saa mbili kasorobo. Tembe za damu zilihamia saa nane. Jedwali langu likapata safu mpya. Asubuhi zikawa nafuu, si zote. Siku mbili aligoma mlangoni kama zamani.

Sabato ile niliingia kanisani kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na kina mama walinipisha kwenye benchi kama mgeni. Saa tano nilitoka na baba nje, akameza tembe ya pili. Nilikuwa nimepiga hesabu dawa imkute na nguvu wakati wa mabeseni. Baba mdogo alifika amechelewa, shati la samawati, akamshika kaka yake mkono, wakaenda chumba cha kando cha wanaume na mlango ukafungwa.

Sisi wanawake tulibaki ndani ya kanisa. Mama alipiga magoti mbele yangu akaniosha miguu. Maji yalikuwa baridi. Sikuamini lolote na sikumzuia. Kisha nikamwosha yeye, visigino vyake vina nyufa, na muda wote nilikuwa nikisikiliza ukutani. Nilisikia wimbo, na maji, na kiti kikiburutwa. Sikusikia kishindo.

Niliwangoja nje, nao walitoka baada ya wengi kutoka. Suruali ya baba ilikuwa na duara mbili za maji magotini. Kwenye bega la shati la baba mdogo kulikuwa na alama ya kiganja, mbichi, vidole vyote vitano, mahali mtu mzito alipojishikilia ili ainuke.

"Profesa," baba mdogo akasema, "leo huna swali?"

Nikasema sina.

Jua lilikuwa kali na alama ilianza kukauka kuanzia kwenye vidole. Baba akaniuliza kama muda wa kula umefika. Nikatazama saa, nikamwambia bado dakika kumi.